Uvimbe Haupimwi kwa Mato

Wewe uliyepapasa mwili wako ukakutana na kitu usichokijua, ukakifunika kwa nguo na kuendelea na kazi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Nami nilikifunika. Tena mimi ni fundi cherehani, kufunika watu ndiyo kazi yangu, na nilikifunika vizuri mpaka nusura kinifunike mimi. Sasa yamepita. Mguu ninao, ulimi ninao, na wanaonijua watakwambia ulimi wangu haujawahi kuchukua likizo.

Naitwa Mwanaesha. Chumba changu cha kushonea kiko Langoni, mtaa wa Lamu, chumba cha mbele cha nyumba yetu, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nashona madera, sare za shule na kanzu za watoto. Wateja wangu ni wanawake wa mji na walimu waliotoka bara, na wote nawagombeza sawasawa wakichelewa kuleta vitambaa.

Yalianza mwezi wa Shaaban, wakati Lamu nzima inapokumbuka kwa pamoja kwamba Idi inakuja na haina nguo. Paja la kulia likawa linachoka mapema. Nikasema ni umri. Kisha shalwari ninayovaa chini ya dera, niliyoikata mwenyewe, miguu yote miwili kwa kipimo kimoja, ikaanza kunibana upande wa kulia tu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikafumua mshono nikaongeza kitambaa. Ikabana tena, nikaongeza tena. Mwishowe nikafunga mlango, nikazungusha futi, utepe wangu wa kupimia, paja moja, kisha la pili. Futi haijui kumbembeleza mtu. La kulia lilikuwa nene zaidi, na nilipobonyeza kwa ndani nikakuta kitu kimelala humo, laini, kikubwa, hakiumi.

Hakiumi, basi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa la wengi wetu, tunadhani maumivu ndiyo taarifa na mengine yote ni uvumi. Nilifunga Ramadhani nikiwa nacho na sikumwambia mtu.

Aliyegundua ni mume wangu, Athman. Ni fundi wa mashine za boti, na maneno yake ni machache. Mungu alijua jinsi ya kutugawia. Tulikuwa tumesali magharibi nyumbani, akawa ameona nilivyokaa kwenye sala.

"Mbona wakaa tahiyatu upande?"

"Nimezeeka."

"Jana hukuwa mzee," akasema, akainuka kwenda kufuturu. Hakuongeza neno. Ila Idi ilipomalizika, asubuhi ya kwanza ya kazi, nilimkuta amevaa shati safi, amekaa mlangoni na viatu vyangu mkononi.

Hospitalini kuna benchi refu la kungojea, na mwenye kukaa hapo kwa mara ya kwanza hudhani kila mtu anaujua ugonjwa wake. Hakuna anayekujua. Kila mmoja yuko na wake. Nilipoitwa ndani nikamkuta kijana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi.

"Mama, hebu tuone hiyo paja."

"Tuone nani na nani?" nikamuuliza.

Maskini, aliona haya kuliko mimi. Akamwita muuguzi, mwanamke wa makamo, naye akatwaa leso yangu, kanga niliyojitanda, akaifunga na kuikunja kwa ustadi hata pakabaki wazi mahali pa uvimbe tu, mahali pa ukubwa wa sahani ndogo. Kijana akatazama hapo, akabonyeza hapo, akamaliza. Tangu siku ile nasema, muuguzi anayejua kushika leso ni nusu ya dawa. Dada yangu unayesoma, nenda na leso yako, na usione haya kuomba mtu wa kuishika.

Walinipaka kitu cha baridi wakapitisha mashine ndogo. Kijana akasema, "Ni uvimbe wa mafuta. Kwa kawaida hauna shida. Lakini hii yako iko ndani sana, kwa msuli, na ni kubwa. Heri uende Mombasa waipige picha vizuri."

Mimi nilisikia "hauna shida" nikataka kuondoka. Athman alisikia "Mombasa." Na mtaa wetu, habari ilipofika, ulisikia "mafuta". Siku mbili tatu hivi nikashangaa chai inanywewa na mkate mkavu. Athman alikuwa ameficha samli. Jirani mmoja akaapa kwamba ni viazi karai, mwingine akasema ni nyama ya mbuzi ya Idi. Ngoja niliseme hili mapema, likusaidie: mafuta haya si ya sufuria. Daktari aliniambia baadaye kwamba hata mtu mwembamba kama ufito huupata uvimbe huu, na hakuna chakula kilichouleta. Samli yangu niliidai siku hiyohiyo.

Kabla ya Mombasa ilinibidi nivuke hadi Siyu, kisiwa cha jirani, kwa mama yangu. Mimi sisafiri bila kumuaga. Nilimchukulia na nguo yake ya Idi iliyokuwa imechelewa, na hapa lazima nieleze jambo. Mama yangu, Bi Maimuna, alikuwa hajawahi kukubali nimpime. Tangu nilipojifunza kushona, kila nikitoa futi huniambia, "Nipime kwa mato, yatosha." Mato ndiyo macho, kwa Kiamu chetu. Basi mimi humkatia nguo kwa kukisia, pana kotekote, mikono kama magunia, nikisema moyoni ni haya za wazee. Fundi mzima, nguo ya mama yangu ndiyo mbaya kuliko zote ninazoshona.

Nilipomwambia ya pajani hakushtuka. "Ndoo hapa, lala," akasema, na ndoo kwetu ni njoo. Nikalala kitandani kwake. Akapapasa kwa vidole vyake vikavu, polepole, akafumba macho.

Siyu uvimbe una majina yake. Lipo jipu, lenye kichwa na usaha, hilo huiva likapasuka. Lipo tezi. Ipo chunjua, hiyo ni ya watoto kuchezea. Na lipo tambazi. Tambazi halina kichwa. Hulala ndani, kimya, na wazee wanasema lina miguu: ukilichoma sindano au ukaligusa kwa kisu, linakasirika, linatambaa mwilini mpaka moyoni, na mtu hamalizi wiki. Tambazi hupakwa dawa, husomewa, huachwa lilale.

"Hili halina kitwa," Mama akasema. Mkono wake ulibaki pale pale. "Hili ni tambazi, Mwanaesha."

Sikumcheka, nawe usingemcheka. Mdogo wake, mjomba Shee, alikuwa na uvimbe mgongoni. Nilikuwa msichana bado. Alichoka nao, akamwita mtu wa kumpasulia nyumbani kwa wembe. Mama ndiye aliyemshikilia mikono. Mjomba alivimba, akapata homa, akafa mbele yake, na tangu hapo kisu na uvimbe kwake ni kaburi.

"Wao wataka kunipiga picha tu," nikamwambia.

"Picha haina kisu. Enda. Lakini wakitoa kisu, rudi nyumbani."

Mombasa tulifikia kwa dada yake Athman. Mashine kubwa ya picha ni kama bomba. Unalala, unaingizwa, unaambiwa usitikisike, kisha inaanza kugonga na kunguruma. Watu wengi huiogopa. Mimi nilisikia zile kelele nikatulia kabisa, kwa sababu ni sauti za karakana ya mume wangu, nimeolewa nazo. Funga macho uwaze kitu unachokijua. Inakwisha.

Picha tukazipeleka kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, mchangamfu, mtu wa Kisii, Daktari Moraa. Kwanza nilimshukuru Mola kwamba ni mwanamke. Pili nikampenda kwa sababu hakunificha kitu.

"Mama, hizi uvimbe za mafuta ni familia," akasema. "Iko ile ya kawaida, mafuta matupu, imejifunga ndani ya ngozi nyembamba. Ukiibonyeza inahepa. Hiyo ndiyo watu wengi wako nayo, na mara nyingi tunaiacha. Iko ingine imechanganyika na mishipa ya damu, hiyo inauma. Iko ya nyuzinyuzi, inapenda wazee wanaume, hapa nyuma ya shingo. Iko ya kuingia ndani ya msuli, na nafikiri yako ni hiyo. Hizo zote haziui mtu."

"Alhamdulillah," Athman akasema.

"Ngoja kwanza. Iko na moja inafanana na hizo kama ndugu wa tumbo moja. Nayo iko na mafuta, nayo inakaa ndani ya paja, nayo haiumi. Lakini hiyo tabia yake si nzuri. Inaendelea kukua, unaitoa inarudi, na ukiiacha miaka mingi inaweza kugeuka kuwa saratani kali. Kwa picha peke yake siwezi kukuambia yako ni gani. Kwa kuangalia zinafanana."

Nilimwelewa vizuri, na nitakwambia kwa nini. Mteja huniletea kitambaa akaapa ni pamba tupu. Ukikitazama ni pamba, ukikishika ni pamba. Mimi huchomoa uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Pamba huwa jivu. Nailoni hujikunja ikawa shanga ngumu. Nikamweleza Daktari Moraa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Basi mimi nataka huo uzi," akasema. "Tutakata kinyama kidogo tu, kwa sindano, tukipime."

Na hapa ndipo mume wangu, mtu wa maneno machache, alipochagua machache yasiyofaa. Tulitoka nje, akampigia Mama simu kumpa habari kwa heshima zote, akasema, "Mama, shikamoo. Mambo si mabaya. Ila wasema watamkata kinyama."

Nikasikia sauti ya Mama mpaka pale nilipokaa. "Kinyama? Kwani mwanangu ni ng'ombe?"

"Hapana, Mama, si kinyama kinyama. Kinyama, kipande cha nyama."

"Watamkata vipande?"

Nikampokonya simu. Ilikuwa imechelewa. Mama alikuwa analia, na mimi mama yangu nilimwona akilia mara moja tu, siku ya mjomba Shee. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Mwanaesha, ukiwaacha wakukate, mimi sina radhi nawe."

Asiyelelewa kama sisi huenda asielewe uzito wake. Kufa kila mtu atakufa. Lakini kulala juu ya kile kitanda, usingizi wa dawa unakuchukua, na mama yako hana radhi nawe, huko ni kufa mara mbili. Nilirudi ndani nikamwambia daktari sitaki. Akaniuliza mama anaogopa nini. Nikamwambia tambazi. Neno hilo hakuwa amelisikia. Akasema tu, "Usikae sana. Sikutishi, lakini usikae sana."

Nilikaa. Kusi yote nilikaa, miezi na miezi. Mawimbi yalikuwa makubwa nje, na ndani ya nyumba kulikuwa na kimya kibaya zaidi. Uvimbe haukusubiri nielewane na mama yangu. Paja likajaa, mguu ukaanza kufa ganzi nikikanyaga cherehani muda mrefu, nikahamia mguu wa kushoto, mishono ikaenda mrama. Nikawa mkali. Wateja niliwagombeza bila sababu, na wao, kwa kuwa wananijua, wakadhani niko salama.

Siku moja Athman aliingia chumbani kwangu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

"Mwanaesha, mashine ikigonga, mimi siipaki rangi. Naifungua. Mimi nilikosea kusema kwa simu, na nimeomba radhi, na nitaomba tena. Lakini wewe waniua polepole. Kila asubuhi natazama unavyoshuka ngazi. Kama wamwogopa mama yako, sawa, ni mama yako. Basi mlete amuulize daktari mwenyewe. Mtu mzima husikia kwa masikio yake, si kwa simu yangu."

Nilimkasirikia sana, kwa sababu alisema kweli. Wiki hiyohiyo nikaenda Siyu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Njia nzima nilikuwa najibishana naye peke yangu. Nikamwambia, "Mama, hujui kama ni tambazi na mimi sijui kama si tambazi. Twende kwa yule daktari ukamuulize wewe, mbele yangu. Akishindwa kukujibu, narudi nawe na simtaki tena."

Mama alikuwa hajavuka kwenda Mombasa tangu baba yangu afariki. Nilitegemea anifukuze. Alivuta leso yake begani, akasema, "Ntakwenda." Hivyo tu. Nikabaki na hoja zangu zote mdomoni.

Chumba cha kungojea cha Mombasa kina viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Mama alikaa wima katikati yangu na Athman, buibui limebanwa, akitazama kila mgonjwa anayetoka kama anahesabu nani amerudi mzima. Daktari Moraa alipotufungulia mlango akasema, "Karibu, shosho."

Mama akanigeukia. "Shosho ndiye nani?"

"Ndiye wewe. Bara ndiyo bibi."

"Haya," akasema, akaketi. Hakungoja salamu ya pili. "Mwanangu, nataka kukuuliza moya tu. Hili la Mwanaesha, hutambaa?"

Daktari Moraa hakujua ameulizwa nini. Yeye alisikia swali la kawaida la mwili, akalijibu kama lilivyo.

"Hapana, shosho. Hii haitambai. Uvimbe za mafuta zile nzuri hazitambai hata kidogo, zinakaa mahali pamoja. Hata ile ndugu yao mwenye tabia mbaya, mwanzoni haitambai, inakaa pale pale ikisumbua. Ikiachwa miaka mingi ndiyo inaweza kugeuka, na ikigeuka ndiyo hutambaa, mpaka kwa mapafu. Ndiyo maana nataka kujua hii ni gani, mapema."

Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Yaani lipo litambaalo."

"Liko. Lakini si kisu kinalifanya litambae. Ni kuachwa."

"Na ndugu yangu alikatwa, akafa."

Akamsimulia ya mjomba Shee, wembe, homa, mikono. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, shosho. Sikumwona, siwezi kusema alikuwa na nini. Lakini wembe wa nyumbani unaingiza uchafu ndani ya damu, na hiyo inaua haraka. Si kosa lako. Wewe ulimshika mkono, basi."

Ningependa kusema Mama alikubali papo hapo. Hapana, aliuliza maswali mengine mengi mpaka nikaona aibu, watu wamejaa nje. Je, likiwa la miaka mingi? Je, likiwa mahala pengine, si pajani? Je, likiwa la mtu mkubwa, wamkata vilevile? Nilidhani bado yuko na mjomba Shee. Daktari alimjibu yote bila kutazama saa.

Kisha Mama akaweka mkono juu ya kichwa changu, mbele ya daktari, kama nilivyokuwa mtoto. "Nimekupa radhi, Mwanaesha. Ya tumbo na ya maziwa. Wakukate." Nililia, sikujali nani ananiona. Athman aligeukia dirishani, akakohoa.

Ya baadaye nitayapitia haraka. Sindano ya kuchukua kinyama ni ya kushtua kuliko kuuma. Majibu yalichukua wiki kadhaa, nayo yakaja nusu: ni mafuta, uvimbe haukuonekana mbaya, lakini kinyama ni kidogo, lazima utoke wote upimwe wote. Nikuonye kuhusu hilo, maana hakuna aliyenionya. Unaweza kungoja jibu ukaletewa kungoja kwingine. Usidhani wanakuficha. Mara nyingine uzi mmoja hautoshi.

Nilipasuliwa kaskazi ilipoanza. Niliamka nina kiu, mguu mzito si wangu, mpira mwembamba unatoka pajani ukidondosha maji mekundu kwenye chupa. Mama alikuwa ameketi hapo na uji ndani ya chupa ya chai. Alikataa kuondoka saa za kuangalia wagonjwa zilipoisha, na wauguzi walipomjua wakaacha kumwambia. Kujifunza kutembea upya katika umri wangu kuliniudhi. Mshono ni mrefu, umekunja kidogo katikati, na nilimwambia Daktari Moraa kwamba mimi mteja angenirudishia kazi kama ile. Akasema nitakapompasua mtu nimwite aje aone.

Tulirudi kusikia majibu sote watatu. Daktari hakutuzungusha. "Ni ile nzuri. Ya ndani ya msuli. Si ile ndugu yao."

Athman alikaa chini, kiti kilikuwa mbali kidogo, nusura akikose.

"Ina lake nani?" Mama akauliza. Alitaka jina.

"Lipoma."

"Lipoma," Mama akarudia, polepole, kama anavyojifunza jina la mkwe. "Na hurudi?"

"Ya kwenye msuli mara moja moja hurudi mahali palepale. Akisikia kitu, aje. Lakini haimuui."

Basi ndugu yangu, kama umepata uvimbe, lidai jina lake. Usikubali "ni mafuta tu", wala usikubali "ni tambazi". Ulizia ni wa namna gani, uko juu au uko ndani, unakua au umelala, na nani ameupima na kwa nini. Wengi mtaambiwa ni ule wa kawaida, mwende nyumbani nao. Mkisikia hivyo mkiwa mmepimwa, mtalala usingizi mzuri sana.

Shaaban imefika tena. Nimerudi kwenye cherehani, mguu wa kulia juu ya kikanyagio, na Langoni imeshaanza kunisikia. Mama alikuwa amebaki kwetu tangu Mombasa, akidai ananiuguza ingawa nimeshapona. Juzi nilitandika kitambaa chake cha Idi, kijani, nikashika mkasi, nikamtazama ili nimkisie kama kila mwaka.

Akainuka, akafunga mlango. Akatoa leso begani. Akaanza kukunja mkono wa nguo yake, ule mkono mpana nilioushona mwenyewe, akaukunja mpaka juu.

"Mwanangu," akasema, "leo usinipime kwa mato."

Chini ya bega lake la kushoto palikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi. Nikakumbuka magauni yote niliyomshonea, na maswali yote aliyomuuliza daktari.

"La tangu lini, Mama?"

"Kabla ya Shee kufa lilikuwa dogo. Nikaliacha lilale."

Miaka yote hiyo. Nililigusa. Lilikuwa laini, likahepa chini ya vidole vyangu, na moyo wangu ukataka kumwambia ni lile zuri, la kawaida, nalijua. Nikajizuia.

"Ni la namna gani?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Mkono haujui. Tutakwenda kwa Moraa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa na mimi wa kukupa radhi. Mimi mamangu amekufa. Wakitaka kunikata, radhi nimuombe nani?"

Sijui kama mtoto ana haki hiyo, na sitamuuliza shekhe yeyote. Nikamwekea mkono kichwani nikamwambia radhi yangu anayo. Kisha nikavua futi shingoni, nikampima mama yangu.